Upande wa Kuitikia

Ukifika Nambambo, wilayani Nachingwea, ukamuulizia Mwantumu Masoudi, utaulizwa kwanza: "Yupi, wa korosho au wa kinanda?" Usipoteze muda kuchagua. Ni huyohuyo mmoja, na siku ukimkuta amekaa bure, mikono imelala mapajani, ujue anaumwa, mpelekee uji.

Ni mama wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndoo za maji maisha yake yote, na sauti ya kumwita mtu aliye shamba la tatu akaitika. Wengi humwita Mama Nuhu, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kazi yake ni kubangua korosho. Kila asubuhi hukaa na wenzake watano bandani, mbele yao lundo la korosho zilizochomwa, kila mmoja na jiwe lake na kirungu chake. Wenzake hugonga mara mbili, mara tatu, na kiini hutoka kimepasuka. Mwantumu hugonga mara moja tu. Ganda linaachia, kiini kinatoka kizima, na yeye tayari ameshika nyingine. Ukimwuliza siri yake atakwambia hana siri, anasikiliza tu, maana korosho iliyokolea moto ina mlio wake na ambayo bado ina mlio wake.

Ila kazi hiyo inakula watu vidole. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi hadi ikabanduka, ndiyo maana kila anayebangua huchovya vidole kwenye majivu kabla ya kugusa chochote. Majivu yanasaidia, hayamalizi. Kwa miaka ishirini na mitatu ncha za vidole vya Mwantumu zimekuwa ngumu kama kisigino, na mistari ile ya alama za vidole imefutika kabisa. Alipokwenda kusajili laini ya simu, ile mashine ya kuweka kidole ilimkataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikakataa vyote kumi. Laini yake mpaka leo inasoma jina la mdogo wake, Shamimu. Mwantumu alicheka siku ile, akasema kumbe yeye hayupo duniani. Lakini alipofika nyumbani alivitazama vile vidole kwa muda.

Masikio yale ya kusikia mlio wa korosho aliyapata kwa baba yake, na hapo inabidi turudi nyuma kidogo, tuvuke mpaka twende Narung'ombe, upande wa Ruangwa.

Baba yake, Mzee Masoudi, ni Mmakua aliyevuka mto Ruvuma akiwa kijana, akapata shamba Narung'ombe na hakurudi tena. Alikuja na jembe na ufundi mmoja, kupiga malimba. Si yale ya vyuma ya kushika mkononi. Yake yalikuwa mbao saba za mti mkavu zilizolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, zikapigwa kwa vijiti. Alikuwa akiyapiga shambani, juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, wakati wa kuamia mahindi, kima na nguruwe wasimalize mazao kabla ya wenyewe. Malimba ya namna hiyo hayapigwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa huku, mwingine anakaa kule, wanatazamana, mbao ziko katikati. Mmoja anaanzisha, mwingine anaitikia, na sauti za wawili zinapishana mpaka msikilizaji hajui nani kapiga ipi. Kwa kawaida ilikuwa kazi ya wavulana. Mzee Masoudi hakuwa na mvulana. Alikuwa na Mwantumu, mwenye miaka tisa, na hakuona aibu kumkalisha upande wa pili.

Basi Mwantumu akakulia upande wa kuitikia. Mbao nene iliyokuwa kushotoni kwa baba yake, kwake yeye ilikuwa kuliani. Alichokuwa akikiona siku zote ni paji la uso wa baba na vijiti vinavyoshuka. Na sheria ilikuwa moja. Akijisahau akapiga kwanza, baba anainua kijiti juu na kusema, "Ngoja nianze." Hakupigwa, hakufokewa. Aliambiwa angoje.

Mara moja tu alifokewa. Walikuwa na wimbo wao mkubwa, ule wa kufukuzia kima, wimbo mrefu unaozunguka na kurudi. Mwantumu alikuwa akiupenda kiasi kwamba kila mzunguko ukikaribia kuisha moyo ulimwuma, akawa anaongeza pigo moja dogo mwishoni, kama mtoto anayeshika nguo ya mama yake asiondoke. Baba alisimamisha vijiti. "Hicho hakimo," alisema. "Umekitoa wapi?" Mwantumu akanywea. Tangu siku hiyo hakukirudia tena, na wimbo ukawa unaishia pale alipotaka baba.

Aliolewa Nambambo, akazaa, akafiwa na mume, akalea. Malimba yakaliwa na mchwa. Wazee wenzake Masoudi waliojua kupiga wakaondoka duniani mmoja mmoja. Na miaka minne iliyopita mzee mwenyewe akaanguka kwa kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Akabaki na maneno manne: maji, hapana, toka, na jina la Shamimu, anayekaa naye na kumwogesha. Mkono wa kushoto ulisalia, lakini ulikuwa umelegea. Hata kijiko ulikuwa ukikidondosha.

Hapo ndipo Mwantumu aliposhtuka. Siku moja akibangua, akaanza kuukumbuka wimbo wa kima, akagundua kwamba anaujua nusu. Anajua majibu yote, pigo kwa pigo, lakini maneno yanayojibiwa hana. Aliyasikia mara elfu na hakuwahi kuyapiga. Kila akijaribu kuyatafuta kichwani mkono wake ulikimbilia kujibu. Alikuwa kama mtu anayeendelea kuongea na simu iliyokwisha kukatika. Nusu ya kuanzishia ilikuwa ndani ya mzee asiyeweza kushika kijiti wala kueleza kwa mdomo, na mzee alikuwa akipungua kila mwezi. Siku akizikwa, wimbo utazikwa naye. Mwantumu si mtu wa kulialia, lakini wazo hilo lilimkosesha usingizi na hamu ya kula.

Alimwendea na vijiti viwili. Akakifunga kimoja kwa kitambaa kwenye mkono ule wa kushoto wa mzee, akatandika mbao alizoziokota. Mzee alijaribu mara moja, kijiti kikaruka, akageuza uso ukutani. "Toka," alisema. Mwantumu akatoka. Alikaa nje na Shamimu mpaka usafiri wa kurudi ukapita.

Sasa kile kinanda. Pale mjini Nachingwea, karibu na soko, yuko fundi wa redio na simu anaitwa Benedikto, kijana mwembamba mwenye miwani iliyoungwa kwa waya, mjuaji kupita kiasi lakini mwenye roho safi. Mtaalamu mmoja mgeni wa mambo ya ufuta, alipomaliza kazi zake wilayani, alimwachia kinanda kidogo cha kubeba kwapani kama kuku. Benedikto alidhani amepata mali. Wanakwaya wakaja, wakakigeuzageuza, wakauliza midundo ya kubonyeza iko wapi. Hakuna. Spika? Hakuna. Vibao vinabonyea? Wala. Kilikuwa na vibao ishirini na vitano tu, navyo si vibao hasa, ni bapa la rangi ya shaba lililochorwa, unagusa, halishuki. Wakaondoka wakicheka. Benedikto akakilaza juu ya kaunta, kikawa cha kuwekea bisibisi.

Mwantumu aliingia mwezi wa saba kuchukua redio yake. Benedikto alikuwa akikijaribu tena kile kinanda, amekiunga kwa spika ya kuchaji, na ikatoka sauti moja fupi, kavu, yenye tumbo. Mwantumu alisimama mlangoni.

"Rudia hiyo," alisema.

"Ipi, Mama Nuhu?"

"Hiyo hiyo. Rudia."

Akarudia. Mwantumu akasogea kaunta, akainama kama anayenusa chungu. "Hiyo ni mbao," alisema.

Benedikto akafurahi kupata mtu wa kumhutubia. "Mama, hiki kitu ni chotara. Huku mwanzo ni dijitali, sauti inatengenezwa kwa hesabu, kama kwenye simu. Halafu huku mwisho inapitishwa kwenye analojia, umeme mtupu, kama redio za wazee. Hii analojia ndiyo inaifumba sauti na kuifumbua. Zungusha hapa uone."

"Basi ni ndugu yangu," alisema Mwantumu. "Wanangu wananiita analojia kila siku."

Akashika kile kifundo alichoonyeshwa, akakizungusha taratibu. Sauti ikang'aa, ikawa kali kama sufuria, akairudisha. Ikafifia, ikawa nene, ikafifia tena. Akasimama mahali ambapo Benedikto hakusikia tofauti yoyote na pale kabla yake. "Hapa," alisema. "Hapa mgomba ni mbichi. Kule ulikoacha wewe mgomba umeshakauka." Benedikto amefanya kazi ya sauti miaka tisa na alikiri baadaye kwamba hapo alizidiwa.

Kisha Mwantumu akataka kukigusa. Alikuwa amevaa za kazini, ametoka kubangua moja kwa moja, na alipoona chombo chenyewe kinang'aa namna ile akaogopa mafuta ya vidole vyake yasije yakakichubua. Akafanya anachofanya siku zote mbele ya kitu cha kulinda. Akatoa kifuko cha majivu kiunoni, akachovya vidole vyote kumi kwa uangalifu, akakung'uta, akagusa.

Kimya.

Akagusa kibao kingine. Kimya. Akakandamiza kwa nguvu za kubangulia. Kimya kabisa. Benedikto akagusa yeye, kikalia vizuri. Akagusa Mwantumu, kikanyamaza.

"Kimenikataa," alisema. Akajaribu kucheka, lakini safari hii kicheko hakikuja. "Kama ile ya laini. Mashine hazinitaki mie."

"Si wewe mama, ni majivu!" Benedikto alisema. "Hiki kinasikia unyevu wa ngozi, hakisikii nguvu. Futa hayo majivu."

Akafuta kwa kanga. Kikasikia kidole kimoja kati ya vitano, tena kwa kukwama, maana chini ya majivu ngozi yenyewe ilikuwa kavu kama gome. Mtu mwingine angeshukuru kwa kuonyeshwa akaenda zake. Mwantumu alivitazama vidole, akatazama kinanda, akatazama kikombe cha maji ya kunywa cha Benedikto. Akachovya. Akagusa. Kikalia.

Kutoka siku hiyo akawa anakuja kila Jumamosi na kibakuli chake cha maji. Na kwa kuwa alisimama upande wa wateja, kinanda kilikuwa kimemgeuzia mgongo. Benedikto, kwa adabu, akakizungusha kimwelekee. Mwantumu akapotea papo hapo. Vidole vikaenda visikojua. Akakirudisha kama kilivyokuwa, kichwa chini miguu juu, vibao vya sauti nene kuliani, na mkono ukaanza kutembea wenyewe. Benedikto akamwambia hakuna mtu duniani anapiga kinanda kwa nyuma.

"Yupo," alisema Mwantumu. "Si unamwona?"

Alitafuta sauti saba za mbao za baba yake kati ya vile vibao ishirini na vitano, akazibandikia vipande vya plasta ya kidonda. Sita alizipata. Ya saba iliishi katikati ya vibao viwili. Akachukua iliyo karibu huku amekunja uso. Watu wakaanza kusimama nje ya duka kumsikiliza. Walisema wimbo ni mzuri, na kweli ulikuwa mzuri, lakini yeye alijua wanachosikia ni majibu matupu. Jumamosi ya nne akamwambia Benedikto waziwazi.

"Fundi, naomba hiki kinanda nikipeleke kwa baba. Mkono wake hauwezi kushika kijiti. Lakini hiki hakitaki kijiti. Hakitaki nguvu. Kinataka mguso tu."

Benedikto akavua miwani. Hakuwa ameliwaza hilo, na lilimkera kidogo kwamba hakuliwaza yeye. "Kina kumbukumbu pia," alisema. "Mzee akipiga, mimi nabonyeza hapa, kinakariri. Hata akiondoka, Mungu apishe mbali, unabonyeza tu anakupigia, wewe unaitikia. Twende wote. Chombo hiki sikiachii mtu."

Wakaenda kwa pikipiki ya Benedikto, kinanda kimefungwa kwa kanga mbili mgongoni mwa Mwantumu kama mtoto, betri ndogo ya sola miguuni. Walipita Ruangwa mjini bila kusimama, wakachukua barabara ya vumbi. Mwantumu alikuwa na hofu njia nzima, na hofu yake ilikuwa ni lile neno moja: toka.

Shamimu aliwapokea. Mzee alikuwa amekaa mkekani mlangoni, ameegemea mto, mkono wa kulia umelala pembeni yake.

"Shikamoo baba."

"Mara..." alisema mzee. Neno halikufika mwisho.

Mwantumu aliweka kinanda kwenye kigoda mbele ya baba yake, upande wa kupigia ukimwelekea mzee, yeye akakaa ng'ambo, wakatazamana. Benedikto akaunga nyaya, akakaa nyuma na kidole kwenye kile kitufe cha kukariri. Shamimu alisimama na kata ya maji mkononi, amesahau alikuwa akiipeleka wapi.

Mzee alitazama plasta saba. Alizitazama muda mrefu. Mwantumu akauchukua ule mkono wa kushoto, akauweka juu ya plasta ya kwanza, nao ukatua kwa uzito wake wenyewe.

Sauti ikatoka.

Mzee akaondoa mkono kama aliyeungua. Akatazama spika, akamtazama Mwantumu, akarudisha kidole. Miaka minne bila jembe wala kijiti, na kuogeshwa kila siku na Shamimu, kidole kile kilikuwa laini kama cha mtoto. Chombo kilikisikia hata kabla hakijatulia vizuri. Mashine iliyomkataa binti ikampokea baba bila kuuliza jina.

Akapiga ya pili. Akapiga ya tano. Akasita mahali, akarudi. Na ghafla Mwantumu akayasikia, yale maneno aliyokuwa akiyajibu tangu utotoni, yakitoka moja moja, taratibu, lakini yote na kwa mpangilio wake. Alipofika kwenye ile sauti ya saba isiyo sawa mzee alikunja uso vilevile kama binti yake. Shamimu akaanza kulia waziwazi. Mwantumu akachovya vidole kwenye kibakuli, akaingia.

Walizunguka mara tatu. Hakuna aliyehesabu muda. Benedikto alikuwa amebonyeza kitufe chake, na mzee alipopumzika, kijana kwa furaha yake akafungua kumbukumbu. Kinanda kikaanza kupiga chenyewe nusu ya kuanzishia, wala hakuna mkono juu yake.

"Umesikia, Mama Nuhu? Imeshakaa humo. Haipotei tena!"

Mwantumu akaitikia. Sauti zilikuwa zenyewe. Lakini kuna mahali vidole vyake, vilivyoanza kukauka, havikusikika, akachelewa, na mashine haikumngoja. Ikaenda zake. Akaikimbilia, akaipata, akachelewa tena, ikamwacha tena.

Mzee akapiga mkeka kwa kiganja. "Hapana."

Benedikto akadhani kosa ni la mashine kunyoosha mapigo. Akabonyeza hapa na pale ili ipige kama mzee alivyopiga, na mapengo yake yote. Kweli ikapiga hivyo.

"Hapana," alisema mzee. Akagusa sikio lake, akaonyesha kinanda, akatikisa kichwa. Akagusa sikio tena.

"Hakisikilizi," alisema Mwantumu taratibu. "Kinaanzisha vizuri, ila hakimsikilizi anayeitikia."

Mzee akafumba macho kukubali. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa mara moja. Alinyoosha ule mkono wa kushoto, akauweka mkekani pale alipokaa yeye, akapapasa mara mbili, kisha akauelekeza kwa Mwantumu. Akauelekeza kule alikokaa Mwantumu, akajigusa kifua.

"Anataka mbadilishane," alisema Shamimu.

Wakamwinua, Shamimu kwapa moja na Benedikto lingine, wakamzungusha na mto wake, wakamkalisha upande wa nyuma ya kinanda. Mwantumu akakaa mahali pa baba yake. Mkeka ulikuwa bado una joto. Kwa mara ya kwanza maishani aliona kile ambacho baba yake alikiona siku zote: vibao vya sauti nene viko kushoto, na ng'ambo yuko mtu amengoja. Akachovya vidole. Akaviweka juu ya plasta. Akamtazama baba yake, akangoja aanze.

Mzee naye akangoja.

Spika ilikuwa ikinguruma chini kwa chini. Kuku walipita. Mwantumu alidhani baba amechoka, akawaza kumwambia Shamimu amlaze. Hakuweza kuanza. Hakuwahi kuanza, mkono ulikuwa ukisubiri sauti ile ya "ngoja" ambayo hakuna aliyeitoa. Mzee alifungua mdomo, ulimi ukahangaika, ukashindwa, ukahangaika tena. Neno lilipotoka halikuwa mojawapo ya yale manne.

"Anza," alisema. "We... anza."

Mwantumu akaanza. Alianza vibaya. Alikosea pigo la tatu, akarudi, na baba yake akamngoja. Akapita, akafika la tano, akafika kwenye ile sauti ya saba yenye kasoro, na kila alipochelewa yule wa ng'ambo alichelewa naye. Mzee aliitikia kwa kidole kimoja, na alikuwa anajua upande wa Mwantumu wote, kila jibu, kila mruko. Mwantumu hakuwa amejua kwamba anajulikana hivyo.

Wakafika mwisho wa mzunguko. Mwantumu akainua mkono kurudi mwanzo, na kabla hajarudi, kidole cha baba yake kikashuka mara moja zaidi na kupiga pigo moja dogo. Lilikuwa lile la miaka arobaini na mitatu iliyopita, juu ya dungu, lile aliloambiwa halimo.

Mwantumu akainua uso. Mzee alikuwa akimtazama, nusu ya mdomo wake iliyo hai imecheka, na kidole bado kiko pale juu ya plasta, kikingoja aanze tena.